Je, wajua ni nani anayelazimika kusimama mbele ya taa nyekundu?

Malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, mabasi madogo ya abiria, pikipiki za manseba (wabeba abiria) na baiskeli zilizosheheni magunia ya makala, yaani mkaa, hukutana kila siku katika njia panda za Lubumbashi. Wengi wetu huamini kwamba taa za barabarani ziliwekwa kwa ajili ya magari, na kwamba mwenye pikipiki au baiskeli anaweza kupenya pindi aonapo nafasi. Imani hiyo si sahihi, na ni ya hatari.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nao mwaka 1977 ikiitwa Zaire, unamhesabu kuwa dereva mtu yeyote anayeendesha chombo barabarani, baiskeli ikiwemo, na hata yule anayeswaga mifugo. Mbeba makala anayeshuka na kuisukuma baiskeli yake huhesabiwa kuwa mtembea kwa miguu, lakini naye haruhusiwi kuingia barabarani wakati taa inawaruhusu wenye magari kupita. Kwa hiyo taa inawahusu wote, na sababu yake ni nzito: unapoiona nyekundu, barabara inayokatiza imepewa kijani, na aliye huko anakuja akiamini kwamba njia i tupu.

Imani hiyo ya dereva wa upande wa pili hulindwa na kidhibiti kilichomo ndani ya kabati la chuma kando ya barabara. Kidhibiti hugawa muda kwa zamu, ama kwa ratiba iliyopangwa tangu mwanzo, ama kwa kupata habari kutoka kwa nyaya zilizofukiwa chini ya lami, ambazo huhisi chuma cha gari linalosimama juu yake. Kati ya zamu moja na nyingine, mara nyingi pande zote huwekewa nyekundu kwa sekunde moja au mbili ili aliyechelewa katikati apate kutoka. Mitambo mingi pia ina kifaa kinachochunguza taa bila kukoma, na pande mbili zinazogongana zikipewa kijani kwa hitilafu, kifaa hicho hukatiza kazi ya kawaida na kuzifanya taa ziwake na kuzimika mfululizo.

Njano ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji takriban sekunde 1 kutambua kwamba taa imebadilika na kukanyaga breki, kisha gari lenyewe huhitaji nafasi ya kupunguza mwendo hadi lisimame. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya njano iwake kwa sekunde 3 hivi mahali penye mwendo huo. Maana yake ni simama, isipokuwa kama umekwisha kufika karibu mno na mstari hata huwezi kusimama kwa usalama. Kuongeza mwendo kwa sababu njano imewaka ni kufanya kinyume cha kile taa inachoagiza, na kwa lori lenye mzigo ni jambo la kutisha.

Hata kijani hakimruhusu dereva kila kitu. Ikiwa magari yamejazana mbele na unaona kwamba utakwama katikati ya njia panda, mkataba unakutaka ubaki nyuma ya mstari.

Je, kuna kitu kilicho juu ya taa? Kipo: polisi wa barabarani. Amri ya mkono wake hushinda taa, na taa nayo hushinda alama za kutoa nafasi zilizosimikwa pembeni. Hapa watu huuliza kuhusu roboti zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, ambazo zilianza kazi Kinshasa mwaka 2013 na baadaye zikafika hata Lubumbashi, zikitumia umeme wa jua, zikiwa na taa mikononi na kifua kinachozunguka. Kwa maoni yangu roboti hizo, ingawa zina umbo la mtu, ni taa. Polisi wa kweli akisimama kando yake na kuamuru vingine, anayetiiwa ni polisi.

Umeme ukikatika na taa zikazimika, njia panda haibaki bila sheria. Alama za pembeni hurudi kutawala, na pasipokuwa na alama, kwetu tunaoendesha upande wa kulia, anayetokea kuliani ndiye anayepishwa.

Magari ya kuzima moto, ya wagonjwa na ya polisi yanaweza kuruhusiwa na sheria ya nchi kupita kwenye nyekundu, lakini kwa sharti kwamba yamewasha king'ora na taa zake maalumu, na kwamba hayamhatarishi mtu. Dereva wa gari la wagonjwa anayerudi hospitalini bila mgonjwa, king'ora kikiwa kimezimwa, husubiri kama wengine. Cheo cha aliyeketi kiti cha nyuma hakitajwi popote katika sharti hilo. Ama treni inapokatiza barabara, wote huipisha, kwa kuwa haiwezi kusimama kwa umbali mfupi.

Kuna pia misafara ya mazishi, ambayo katika mji wetu huwa mirefu na yenye kelele nyingi. Mkataba unakataza mtu kuukatiza msafara, na heshima hiyo ni haki ya wafiwa. Hata hivyo haukuwapa madereva wa msafara ruhusa ya kupita kwenye nyekundu. Ruhusa hiyo huipata kwa polisi anayewasimamishia wengine njia.