Saratani adimu za kizazi na tumbo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Saratani adimu haina dawa."

Hii ndiyo dhana inayoumiza wengi, kwa sababu mgonjwa hukata tamaa kabla hata tiba haijaanza. Chukua koriokasinoma, saratani inayotokana na chembe za kondo la nyuma. Huweza kufuata mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida, ambayo kondo huota vifuko kama zabibu), mimba iliyoharibika, hata uzazi wa kawaida kabisa, na hukimbilia mapafuni haraka. Mwaka 1956 madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz, wakiwa Marekani, waliripoti kwamba dawa ya methotreksati iliiyeyusha hata kwa wanawake ambao ilikwisha kuwafika mapafuni. Leo, wenye kiwango kidogo cha hatari karibu wote hupona, na wengi huzaa tena.

Shida ni kuigundua. Mama anaendelea kutokwa damu wiki nyingi baada ya kujifungua au mimba kutoka, pengine anakohoa damu, anaambiwa ni uchovu wa uzazi. Apimwe mimba! Ndugu watashangaa, amejifungua juzi tu, mimba gani tena? Kinachotafutwa ni hCG, homoni ya ujauzito ambayo saratani hii nayo huitoa: baada ya uzazi inapaswa kushuka hadi iishe. Ikibaki juu, au ikipanda, na hakuna mimba mpya, uchunguzi uendelee mara moja.

"Kisu kikigusa uvimbe, saratani inasambaa."

Woga huu umewachelewesha wengi, na kwa saratani nyingi kipande cha nyama kinachopelekwa maabara ndicho kinachotaja jina la ugonjwa. Ila njia ya kukichukua ina uzito wake. Uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani na bado uko ndani ya ovari (kiungo kinachotengeneza mayai) kwa kawaida hautobolewi kwa sindano; hutolewa mzima ili usipasuke tumboni. Koriokasinoma mara nyingi haikatwi kabisa, maana huvuja damu vibaya. hCG na picha hutosha. Na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya kusagasaga faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) kwa mashine ndani ya tumbo, kwa kuwa ndani yake huweza kujificha sarkoma, yaani saratani, ya misuli ya kizazi. Una haki ya kumuuliza daktari: utautoaje?

"CA-125 ikipanda, ni saratani ya ovari."

Si lazima. CA-125 ni protini inayopimwa kwenye damu. Hupanda kwa endometriosisi (tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), kwa ujauzito, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho hujaza tumbo maji na kufanana mno na saratani. Kuna pia uvimbe wa ovari ambao hauipandishi kabisa.

"Papsmia yangu ni safi, niko salama."

Papsmia huangalia mlango wa kizazi. Ovari haizioni.

"Tumbo likijaa, chanzo ni ovari."

Wakati mwingine chanzo ni kidole tumbo. Uvimbe wake hupasuka na kumwaga ute mzito kama jeli tumboni kote, na ovari huvimba kwa kufikiwa na ugonjwa huo tu. Tiba ni upasuaji mrefu wa kuondoa kila kinachoonekana, na kwa wengi tumbo huoshwa kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto. Anayeufanya awe ameuzoea.

"Msichana mwenye saratani ya ovari hatazaa."

Saratani za chembe za mayai, zinazowapata wasichana zaidi, mara nyingi hushika ovari moja. Hiyo hutolewa, ya pili na mji wa mimba huachwa, na dawa zikihitajika hutibu vizuri sana. Wazazi wasikubali kizazi chote kitolewe kabla mtaalamu wa patholojia anayezijua saratani hizi hajasoma sampuli.