Kanali Kukliński wa Poland: yanayosemwa na yaliyotokea

Mtu akisikia kwamba afisa mkubwa wa jeshi la nchi ya kikomunisti alikimbilia Marekani, picha inayomjia ni ileile: ndege inavuka mpaka usiku, mtu ana bahasha ya siri kifuani, na huko aendako anasubiriwa na nyumba nzuri na akaunti nono. Picha hiyo tumeipata kwenye sinema. Ukifuatilia maisha ya Kanali Ryszard Kukliński wa Poland, ambaye nadhani aliiumiza Moscow kuliko afisa mwingine yeyote wa kambi ya nchi za kikomunisti, karibu kila kipande cha picha hiyo hakisimami.

"Alitoroka na siri za jeshi"

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, nalo linageuza mambo kichwa chini miguu juu. Siri zilitoka kwanza, zikatoka kwa miaka tisa mfululizo, na kutoroka kukaja mwisho kabisa, baada ya kazi kuharibika. Laiti mambo yangekwenda alivyotaka, Kukliński asingeondoka Warsaw.

Mwanzo wake ni Agosti 1972. Kukliński alikuwa luteni kanali katika ofisi ya Mnadhimu Mkuu wa jeshi la Poland, mpenzi wa mashua za matanga. Aliwashawishi wakubwa wake wamruhusu yeye na maafisa wenzake wasafiri kwa mashua kwenye pwani za Ulaya Magharibi wakijifanya watalii, huku wakichunguza bandari za NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Walipotia nanga Wilhelmshaven, Ujerumani Magharibi, alituma barua kwa posta kwenda ubalozi wa Marekani mjini Bonn. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, tahajia imechanganyika na Kijerumani, na mwanzoni kabisa anaomba radhi kwa hilo. Anajitambulisha kama mwanajeshi kutoka nchi ya kikomunisti na kuomba kuonana kwa siri na afisa wa jeshi la Marekani mwenye cheo cha luteni kanali au kanali. Sahihi ni herufi mbili tu: P.V.

Angalia alichoomba. Hakuomba hifadhi wala hakutaja fedha, na hakuita mashushushu. Alitaka mwanajeshi wa cheo kama chake. Siku chache baadaye alikutana na Wamarekani mjini The Hague, na wazo aliloliweka mezani lilikuwa la ajabu kidogo: kuwe na kikundi cha siri cha maafisa wa Poland kitakachoshirikiana na jeshi la Marekani kuizuia vita isitokee. Watu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ndio waliomtoa kwenye njia hiyo. Walijua kikundi cha namna ile kingegunduliwa mapema, ilhali mtu mmoja aliyekaa kimya mahali pake angeweza kuona mengi. Akarudi kwenye mashua, akamaliza safari, akaenda kuripoti kazini kama kawaida.

"Alinunuliwa"

Mkono mtupu haulambwi, na wengi huanza na hapo: lazima alilipwa. Wamarekani waliomshughulikia wamesema kwa miaka mingi kwamba alipokuwa Poland hakuwa mtu wa mshahara wa CIA. Alipofika Marekani walimtunza, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayeuza siri kwa fedha hakai miaka tisa kwenye kiti ambacho kila asubuhi kinaweza kumpeleka kwenye kitanzi.

Sababu zake zinaonekana ukitazama alichokuwa anakiona kazini. Mwaka 1968 alishiriki kwenye mipango ya jeshi la Poland kuingia Chekoslovakia pamoja na Wasovyeti. Desemba 1970 jeshi hilohilo liliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Gdańsk, Gdynia na Szczecin waliokuwa wanagoma kwa sababu ya bei za vyakula, na zaidi ya watu 40 wakafa. Halafu kulikuwa na ramani. Mipango ya Umoja wa Kisovyeti ilikuwa ya kusonga mbele kwa kasi kuelekea magharibi, huku wimbi la pili la vifaru likipitia Poland. Afisa yeyote mwenye akili aliweza kuhesabu mwenyewe: NATO ingezuia wimbi hilo kwa mabomu ya nyuklia, na mabomu yangeanguka juu ya Poland. Warusi wakishinda au wakishindwa, nchi yake ingekuwa majivu. Na baba yake alikufa katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen, kwa hiyo habari ya nchi kukanyagwa na majeshi ya wengine hakuisoma vitabuni.

"Aliuza siri za nchi yake mwenyewe"

Hapa watu wenye nia njema kabisa hukosea pia, kwa sababu swali lenyewe si jepesi. Kati ya 1972 na 1981 alipitisha zaidi ya kurasa 35,000 za nyaraka. Nyingi zilikuwa za Kirusi: mipango ya vita ya Mkataba wa Warsaw (muungano wa kijeshi wa Umoja wa Kisovyeti na nchi rafiki zake), sifa za silaha mpya kama kifaru cha T-72, mfumo wa mahandaki ya kuongozea vita. Kukliński alizipata kwa sababu kazi yake ilimweka karibu na ofisi ya Marshal Viktor Kulikov, mkuu wa majeshi ya Mkataba huo. Alizipiga picha kwa kamera ndogo, na filamu zikatoka kwa kuachwa mahali palipokubaliwa, au kwa kupishana sekunde chache na Mmarekani kwenye kona yenye giza ya Warsaw. Baadaye walimpa chombo kidogo cha kielektroniki kiitwacho Iskra, cha kurusha ujumbe mfupi kwa mtu aliye karibu. Kilikorofisha mara nyingi. Waandishi wa hadithi za ujasusi hupenda vyombo kama hivyo. Aliyekuwa anavitumia alikuwa anatokwa jasho.

Watetezi wake husema: aliwaibia Wasovyeti. Wapinzani husema: alikula kiapo kwa jeshi la Poland, na siri za ulinzi wa Poland zilikuwa ndani ya makaratasi yale. Kwa maoni yangu wote wawili wanasema kweli, na anayetaka kuchukua nusu moja tu anajirahisishia kazi.

"Kwa taarifa zake, Marekani iliokoa Poland"

Nusu hivi. Desemba 1980, chama cha wafanyakazi cha Solidarność kikiwa kimeshika kasi, Kukliński alituma taarifa kwamba kunaandaliwa kuingizwa nchini divisheni 15 za Kisovyeti, 2 za Chekoslovakia na 1 ya Ujerumani Mashariki kwa kisingizio cha mazoezi. Mwezi huo Rais Carter wa Marekani alimwonya Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, na divisheni hazikuingia. Kama ni onyo lile lililozizuia au Moscow ilikuwa na hesabu zake, wanahistoria bado wanavutana.

Mwaka uliofuata unasimuliwa mara chache, na ndiko kunakouma. Kukliński alikuwa miongoni mwa maafisa wachache walioandika mpango wa sheria ya kijeshi, ambao ungetekelezwa na jeshi la Poland lenyewe. Akaupeleka Washington. Usiku wa kuamkia 13 Desemba 1981, Jenerali Jaruzelski, aliyekuwa anaiongoza Poland, aliutekeleza: vifaru barabarani juu ya theluji, simu zikakatwa, maelfu ya wanachama wa Solidarność wakakamatwa vitandani. Siku tatu baadaye wachimba makaa 9 waliuawa katika mgodi wa Wujek. Marekani, iliyokuwa na mpango mezani, haikuwaonya waliokuwa wanakwenda kukamatwa.

Nani alikuja kuianika aibu hiyo? Msemaji wa serikali ya kikomunisti, Jerzy Urban, mwaka 1986. Ndiye aliyewaambia waandishi wa Marekani kwamba kulikuwa na kanali aliyekuwa anafanya kazi na CIA, kwa hiyo Washington ilijua yote na ikawaacha rafiki zake wa Solidarność. Mpaka hapo dunia ilikuwa haijalisikia jina la Kukliński. Ni serikali aliyoisaliti ndiyo iliyomtambulisha.

"Safari yenyewe ilikuwa ya kishujaa"

Tarehe 2 Novemba 1981 Kukliński na maafisa wenzake wachache waliitwa ofisini kwa mkubwa wao. Wakaambiwa kwamba toleo la karibuni kabisa la mpango wa sheria ya kijeshi limeshafika kwa Wamarekani. Waliolishika toleo lile walihesabika kwa vidole vya mkono, na wengi wao walikuwa wamekaa chumba kile. Kikulacho ki nguoni mwako, kila mmoja aliwaza hivyo, na mmoja alijua ni nani. Hakutetereka. Alitoka, akatuma ujumbe kwamba sasa basi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni hili: mkewe hakuwa anajua. Alikuwa akiona mume anayechelewa, anayejifungia usiku, na alikuwa na kila sababu ya kumshuku mambo mengine. Sasa akaambiwa yote kwa mpigo, pamoja na kwamba ndani ya siku chache wataondoka na watoto wao wawili, vijana wakubwa, wasirudi tena na wasimuage mtu. Kuwafikia waliokuja kuwachukua kulishindikana zaidi ya mara moja kwa sababu mitaa ilikuwa imejaa askari kanzu. Hatimaye wakatoroshwa hadi Berlin Magharibi, na kutoka huko Marekani.

"Maafisa wote waliokimbia ni wa namna moja"

Hata kidogo. Meja Jenerali Jan Šejna wa Chekoslovakia aliondoka Februari 1968 huku akiandamwa na kashfa ya kuuza mbegu za majani ya mifugo za serikali. Pingu zilikuwa nyuma yake. Ion Mihai Pacepa, jenerali wa usalama wa Romania, alitumwa Ujerumani Magharibi Julai 1978 na ujumbe wa Ceaușescu, kiongozi wa nchi yake, na hakurudi.

Anayetuhusu zaidi Waafrika ni Brigedia Jenerali Rafael del Pino wa Kuba. Huyu alikuwa rubani aliyepigana upande wa Castro dhidi ya uvamizi wa 1961 katika Ghuba ya Nguruwe, kisha akaongoza kazi ya jeshi la anga la Kuba nchini Angola miaka ya 1970. Tarehe 28 Mei 1987 aliipakia familia yake kwenye ndege ndogo aina ya Cessna na kutua katika kituo cha kijeshi cha Marekani huko Florida. Huyo ndiye anayefanana na ile picha ya sinema. Alipoanza kuzungumza redioni, alieleza jinsi maafisa wenzake walivyochoshwa na vita vya Angola, na kauli kama hiyo kutoka kinywani mwa shujaa wa mapinduzi iliichoma Havana kuliko ndege aliyoondoka nayo. Miaka minne baadaye Wakuba walikuwa wameondoka Angola, ingawa kilichowaondoa ni makubaliano ya 1988 na si maneno ya del Pino.

"Ukomunisti ulipoanguka akapokewa kama shujaa"

Mahakama ya kijeshi ya Warsaw ilimhukumu kifo Mei 1984, yeye akiwa Marekani. Ungetarajia hukumu hiyo ifutwe mwaka 1989, mara tu Solidarność iliposhinda uchaguzi. Haikufutwa. Mwaka 1990 ilipunguzwa kuwa kifungo cha miaka 25, kwa msamaha uliokuwa unawahusu hata wahalifu wa kawaida. Lech Wałęsa mwenyewe, kiongozi wa waliokamatwa usiku ule, alikaa Ikulu miaka mitano na hakumsamehe. Jaruzelski naye alikuwa na hoja moja ambayo aliirudia: kama Kukliński ni shujaa, basi sisi wengine wote tuliobaki jeshini ni wasaliti. Hoja hiyo iliwagusa maelfu ya maafisa waliokuwa bado wanavaa sare, sasa za Poland huru.

Hukumu ilitenguliwa 1995, na Septemba 1997 waendesha mashtaka wakalifunga jalada wakisema alitenda kwa kulazimishwa na hali. Ukitazama kalenda utaona kwamba Poland ilikuwa imealikwa kuingia NATO miezi miwili tu kabla. Zbigniew Brzezinski, Mmarekani mzaliwa wa Poland aliyekuwa mshauri wa Carter, alikuwa amelishughulikia suala hilo kwa muda mrefu; ndiye aliyemwita Kukliński afisa wa kwanza wa Poland katika NATO. Sioni aibu kusema kwamba haki ilipatikana kwa msaada wa siasa.

Aliitembelea Poland 1998, akapewa uraia wa heshima wa Kraków na Gdańsk, kisha akarudi Florida.

"KGB iliwaua wanawe"

Mwaka 1994 watoto wake wote wawili walikufa. Mmoja alipotea baharini karibu na Florida mwanzoni mwa mwaka, mwingine akagongwa na gari miezi michache baadaye. Wengi wanaamini ni kisasi cha KGB, shirika la ujasusi la Kisovyeti, na binadamu yeyote angeshuku. Hakuna uchunguzi uliothibitisha hivyo. Anayeliandika kama jambo lililokwisha kujulikana anaandika uvumi.

"Jenerali Kukliński"

Hili ni dogo. Alifariki kwa kiharusi Tampa, Februari 2004, akiwa na miaka 73, na mwezi Juni akazikwa makaburi ya kijeshi ya Powązki mjini Warsaw pamoja na mwanawe mmoja. Ubrigedia jenerali alipewa 2016, miaka 12 baada ya kufa, ndiyo maana maandishi ya karibuni humwita jenerali. Usiku alioondoka Warsaw alikuwa kanali, na mahakama ya 1984 ilimvua hata cheo hicho.