Gamba la Kobe Si Nyumba

"Kobe nyumba yake anatembea nayo, wewe mweke kwenye tangi la samaki tu." Hilo nimeambiwa mara nyingi, na huonekana kama lina mantiki. Halina.

Gamba ni mwili. Uti wa mgongo na mbavu za kobe zimeungana nalo, lina mishipa ya fahamu, na ukilikwaruza anasikia. Halimpi joto wala ubaridi: kobe hategemei joto la mwilini mwake kama sisi, hulitafuta nje. Asubuhi huota jua, likikaza hujivuta kivulini. Sasa ndani ya tangi la kioo atajivuta wapi? Hewa haizunguki, joto linapanda, naye anaweza kufa mchana mmoja tu. Ukiliweka ndani dirishani, kosa jingine: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua anayoihitaji kutengeneza vitamini D, na bila hiyo gamba hulainika na kupinda. Tena kobe hakioni kioo. Utamkuta anasukuma kona ileile kutwa, pua imechubuka.

Mjengee uzio uani, wa mbao au matofali, usiopenyeza macho, wenye udongo wa kuchimba, majani, kivuli na sinia la maji ya kina kifupi. Kobe wakubwa wa Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni Shelisheli, wanaishi hivyo, chini ya miti.

Na kabla ya matofali, kibali: Kenya na Tanzania, kobe wa porini haokotwi tu njiani ukaenda naye nyumbani.