Je, wajua kwa nini pikapu iliyokufa injini hufufuka, lakini iliyooza chasisi haifufuki?

Ukipita Kasese, Arua au Mbale, huku Uganda, hutakosa kuona pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1990 imelemewa na mikungu ya matoke, na mwenyewe akakwambia kwa fahari kwamba injini iliyomo ni ya tatu. Jirani yake ana pikapu ya umri uleule, asubuhi inawaka bila kusumbua, lakini fundi amemwambia aiuze kwa spea. Mtu asiyejua atadhani fundi amekosea. Hakukosea, na sababu yake iko uvunguni mwa gari.

Pikapu za kazi hazijengwi kama gari dogo la saluni, ambalo bodi na mifupa yake ni kitu kimoja. Chini kuna chasisi: mihimili miwili mirefu ya chuma kutoka mbele hadi nyuma, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama mfano wa ngazi iliyolazwa. Hilux imejengwa hivyo tangu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1968. Injini, giaboksi, kabini, bodi ya mizigo, springi na ekseli (chuma kinachoshika magurudumu), vyote vimeshikizwa hapo kwa bolti na nati. Kilichofungwa kwa bolti hufunguliwa kwa spana, kikawekwa pembeni, kikaletwa kingine kutoka Kisekka, soko la spea pale Kampala. Chasisi ndiyo inayovibeba vyote hivyo. Na namba iliyogongwa kwenye muhimili wake ndiyo inayolitambulisha gari lako katika usajili. Ukibadili injini, unarekebisha namba ya injini kwenye kumbukumbu, yakaisha. Ukibadili chasisi, umeshaanza kuzungumzia gari jingine.

Adui wa chasisi ni kutu. Chuma, maji na hewa vikikutana, chuma hugeuka kutu, na kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo huvimba, hubanduka magamba, na kuacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Maji yenye chumvi huharakisha mambo, kwa sababu hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea ndani ya chuma chenyewe. Barabara za Uganda hazimwagiwi chumvi. Lakini nenda Ziwa Katwe, huko Kasese, ambako watu wamechimba chumvi kwa vizazi vingi, uangalie uvungu wa pikapu zinazobeba magunia kutoka pale. Angalia pia zile za samaki, zenye barafu inayoyeyuka na kudondokea mihimili njia nzima. Nyingine zilikuja na ugonjwa wake tangu Japani, hasa zilizotumika kaskazini, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji, au kwenye miji ya pwani.

Ubaya ni kwamba kutu hii huanzia ndani. Sehemu kubwa ya muhimili ni kama boksi refu lenye matundu. Tope huingia, likakaa, likahifadhi unyevu hata jua likiwa kali. Kwa nje rangi bado iko, ndani chuma kinaliwa. Nilimtazama fundi mmoja wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, alipoletewa pikapu ya mzee mmoja aliyetaka kubadilishiwa gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku yake. Kabla hajagusa injini alijilaza chini na nyundo ndogo, akawa anagonga muhimili kila hatua moja ya kiganja. Chuma kizima kililia kwa sauti kali iliyoendelea kidogo. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma, pale muhimili unapopinda kuipisha ekseli, sauti ikafa papo hapo. Akachukua bisibisi bapa, akasukuma kwa mkono tu, bila nyundo. Ikazama. Magamba mekundu yakamwagika kifuani. Akatoka, akajifuta, akasema: "Mzee, gasketi naweza kuiweka leo. Lakini hiyo injini nitairudisha juu ya nini?"

Hapo juu ya ekseli ya nyuma ndipo pa kwanza kukagua. Kisha kagua vishikio vya springi, halafu nyuma ya kabini, ambako mzigo na mashimo ya barabara hukutana. Ukikuta uvungu umepakwa rangi nyeusi mpya na gari lenyewe ni la zamani, usifurahi. Gonga. Mimi rangi hiyo hunitia shaka kuliko kutu ninayoiona kwa macho.

Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Marekani, ambako kwenye majimbo ya theluji chumvi humwagwa barabarani kila majira ya baridi, pikapu za Toyota Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 zilikutwa zikioza chasisi. Mwaka 2008 kampuni iliongeza dhamana ya kutu kuwa miaka 15, na zilizokuwa zimetoboka ikazinunua kutoka kwa wenyewe kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Kampuni yenye viwanda, mabingwa na mitambo yote iliona heri kulinunua gari zima kuliko kuchomelea muhimili ulioliwa.

Ufa ni habari nyingine. Chasisi iliyopasuka kwa kubeba mchanga kupita kiasi kwenye barabara za marramu (changarawe), lakini chuma chake bado ni kizima, inaweza kuchomelewa na ikafanya kazi miaka. Sharti achomelee anayejua. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kilicho pembeni ya mshono, kwa hiyo kiraka cha mraba chenye mshono uliosimama wima huzaa ufa mpya kandokando yake. Mchomeleaji mzuri hukata kiraka chenye ncha za mshazari ili nguvu isikusanyike kwenye mstari mmoja. Na huchomoa waya za betri kwanza, asije akaunguza altaneta.

Sasa injini. Dizeli haina plagi za kurusha cheche. Hujiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, na katika injini nyingi za zamani hewa hubanwa zaidi ya mara 20. Ringi za pistoni zikichakaa hewa huvuja, joto halifiki, na asubuhi ya baridi ya Kabale utamwona mwenye gari akiegesha mteremkoni ili alisukume. Moshi husaidia kusoma: wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, mara nyingine ni filta ya hewa iliyojaa vumbi tu, mweupe usiokoma injini ikishapata moto huenda ni maji yanaingia ndani. Huo wa mwisho mara nyingi huja baada ya gari kuchemka. Aluminiamu ya hedi hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na joto likizidi hedi hupinda au kupasuka. Yote haya yana bei, lakini yanatengenezeka. Usichopaswa kuahirisha ni mkanda wa taimingi. Hilux nyingi za dizeli za zamani zinao, hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika safarini valvu hugongana na pistoni.

Kwenye fedha, wengi hupima vibaya. Hulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya kuliuza gari, wakiona zinakaribiana hukata tamaa. Kwa gari la kazi kipimo ni kile linachoingiza. Tuseme ovahoo, yaani kuifumua injini na kuiunda upya, inataka shilingi milioni 5, na pikapu inakuachia laki 8 kwa mwezi baada ya dizeli, dereva na matengenezo madogo. Fedha yako imerudi kwa miezi sita na kidogo. Ikiwa chasisi ni nzima na itakufikisha miaka mitatu, tengeneza. Ikiwa fundi hawezi kukuahidi hata mwaka, hiyo milioni 5 ni ya kuanzia gari jingine. Hesabu pia siku za kulala gereji, maana mteja wa matofali hakungoji, atampigia mwingine.

Na hilo gari jingine si rahisi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizuia kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Juu ya bei ya Japani na usafiri kutoka Mombasa kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na tozo ya mazingira kwa yaliyozeeka. Kuna jambo lingine watu husahau: Hilux zile za pampu ya kawaida, ambazo fundi wa kijijini anazifungua kwa spana na masikio yake, haziji tena kutoka nje. Mara nyingi utakayoipata ni ya injekta za umeme, inayotaka mashine ya kusoma hitilafu na dizeli safi. Kwa anayefanya kazi mbali na mji, hiyo ni sababu nzito ya kuitunza ya zamani, maadamu mihimili yake inalia vizuri chini ya nyundo.

Isipolia vizuri, iuze mapema, injini ikiwa bado inawaka, kwa sababu mnunuzi wa spea hulipa zaidi kwa kitu anachokisikia kikifanya kazi. Giaboksi, difu, kabini na milango huuzika vilevile. Logbuku, yaani kadi ya usajili, usimpe pamoja na vyuma hivyo. Ipeleke kwa wasajili, namba ifutwe, isije siku moja ikaonekana kwenye gari usilolijua huku jina likiwa bado ni lako.