Kabla hujaja na familia kujitolea misheni

Mtoto wa mama mdogo, ambaye kwangu ni dada tu, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika 6 usiku wa Jumapili. Anaishi Uholanzi, mwaka wa 14 sasa. Anataka kuja Mwanza mwezi Julai na mumewe na watoto wao wawili, wa miaka 9 na 6, wajitolee wiki tatu kwenye makao ya watoto ya misheni moja kando ya ziwa. "Nataka wanangu wajue kwamba si kila mtoto anaamka akakuta maziwa mezani," akasema. Niliusikiliza mara mbili. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwa miaka 19, minane kati ya hiyo niliimalizia ndani ya makao ya aina hiyohiyo, na kupokea familia za wageni ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikaona inageuka hotuba. Basi naandika hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Jibu langu: njooni, ila msije kwa ajili ya watoto. Njooni kwa ajili ya wanaowalea.

Najua linasikika vibaya. Fikiria kwanza kinachotokea getini. Ukiingia kwenye makao mengi, watoto wanakukimbilia. Mmoja anashika mkono, mwingine anataka kubebwa, wa tatu anakuita mama kabla hujataja jina lako. Wageni hulia hapo. Nimeona wanaume wenye ndevu wakigeukia ukuta kufuta macho, kwa sababu wanaona wamependwa. Sisi wa kazi hii tukiona hivyo hatufurahi. Mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na bibi yake kule Magu, ukimtokea mgeni, anajificha nyuma ya khanga ya bibi na kukuchungulia. Huyo yuko sawa. Ana mtu wake wa kukimbilia. Anayemrukia kila apitaye ni mtoto ambaye hajapata mtu wake, au aliwapata wengi mno na wote wakaondoka.

Hili limechunguzwa muda mrefu. Daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 akieleza jinsi mtoto mdogo anavyoumia akikosa mlezi wa kudumu. Kuanzia mwaka 2000, watafiti kutoka Marekani walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi za Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu yao walipangiwa familia za walezi na nusu wakaachwa kwenye utaratibu uliokuwepo. Waliofika kwenye familia kabla ya umri wa miaka 2 hivi ndio waliojenga vizuri zaidi ule uhusiano wa mtoto na mlezi wake. Walioendelea na taasisi hawakuwa wamenyimwa uji. Walichokosa ni uso uleule asubuhi ya leo, ya kesho na ya mtondo.

Nakumbuka familia moja iliyokaa nasi siku 14, watu wema kabisa. Baba alikuwa na binti wa miaka 5, na kila asubuhi kabla ya chai alimwinamia akamfunga kamba za viatu. Kulikuwa na kijana wetu wa miaka 6 hivi aliyekuwa akiwatazama kutoka ngazini. Siku ya tatu alikuja amezifungua za kwake, akasimama mbele ya yule baba, hakusema neno. Baba akainama, akafunga. Ikawa desturi ya kila siku. Siku ya 15 gari liliondoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi ndege, na kijana akatembea wiki nzima kamba zikiburuta kwenye vumbi. Mama mlezi alipoinama amfungie alirudisha mguu nyuma. Yule mama alikuwa amemwogesha, amemlisha na amemkesha homa kwa mwaka mzima, na sasa ndiye anayenyimwa kiatu. Hakuna aliyekosea hapo. Ndiyo maana inanisumbua hadi leo.

Baada ya hapo tulijiwekea masharti. Neno "nitarudi" halisemwi mbele ya mtoto mpaka tiketi imekatwa, maana wanahesabu siku. Mgeni hamwogeshi mtoto, hamlazi na hamlishi; hizo ni kazi za mama mlezi, na ndizo zinazomfanya mtoto amjue wake ni nani. Mgeni hakai na mtoto peke yake chumbani. Zawadi zinapitia stoo, pipi za mfukoni hapana. Picha za sura za watoto hapana, hata kama bango la getini lina picha zao (bango hilo niligombana nalo miaka miwili).

Kuna swali dada yangu hakuuliza, nalo ni kwa nini watoto hao wako pale. Wengi hudhani ni yatima wasio na mtu. Save the Children walikadiria mwaka 2009 kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye taasisi wana mzazi mmoja au wote wawili wangali hai. Nilichokiona kwenye mafaili yangu hakikuwa mbali na hapo. Mama amefariki akijifungua, na shangazi yupo tayari kulea ila hamudu maziwa ya kopo. Baba anahama na kambi za wavuvi visiwani. Mtoto katoroka kipigo, kapanda basi la Shinyanga, kashukia Mwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni na mtoto aingie kwa utaratibu wa ustawi na mahakama. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo inasisitiza kwamba mtoto, hasa aliye chini ya miaka 3, atafutiwe familia kwanza. Mwaka 2018 Australia ilipotunga sheria ya utumwa wa kisasa, ilitambua kuwa kuna watoto wanaotolewa makwao ili wajaze vituo vinavyoishi kwa wageni na wafadhili. Wageni wakiwa wengi, vitanda vitatafutiwa watoto.

Sisemi misheni zote ni biashara. Ukanda huu una historia ndefu na jambo hili. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadre Weupe, walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walivuka ziwa pamoja na watoto waliokuwa wamewakomboa utumwani, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi, kusini mwa hapa tulipo. Wale hawakuwa na bibi wa kurudishiwa jirani. Wengi wa sasa wanaye.

Kwa hiyo ukiniuliza kazi yenye thamani kuliko zote kwenye makao, nitakutajia ile ambayo mgeni hawezi kuipiga picha: kumrudisha mtoto kwao. Mtoto wetu mmoja wa Sengerema ilibidi nimfuatie ndugu zake safari tano, siku hizo kabla ya daraja, nikipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, nikilala nyumba ya wageni Busisi, nikimtafuta mjomba ambaye kila mtu alijua amehama lakini hakuna aliyejua amehamia wapi. Ukimpata unakaa naye, unaangalia nani analala wapi, unazungumza na mwenyekiti wa mtaa, kisha unarudi tena baada ya mwezi. Nauli ndiyo ilikuwa inatukwamisha. Ndugu zangu mnaoishi nje, tiketi za watu wanne kutoka Ulaya ni safari ngapi za namna hiyo? Pigeni hesabu wenyewe.

Anayetaka kuja kwa mikono yake bado ana nafasi. Mwaka mmoja walikuja mke na mume, yeye fundi umeme, mkewe mhasibu. Bwana alimaliza siku zake zote kwenye pampu ya maji na nyaya za jikoni, akiwa na kijana wa misheni aliyeajiriwa kwa matengenezo, na alipoondoka kijana aliweza kuifungua pampu na kuirudisha. Mama alikaa na karani kwenye vitabu vya stoo. Mabinti zao walichambua mchele na kuanua nguo pamoja na wapishi, jioni wakacheza rede uwanjani na watoto wa mtaa wetu, wanaokwenda kwao jua likizama. Hawakubeba mtoto hata mmoja. Mama walezi bado huniulizia habari zao.

Makaratasi nitayapitia haraka. Viza ya utalii haimruhusu mgeni kufanya kazi, hata ya bure; misheni inayokualika inatakiwa ikuombee kibali kinachofaa, na kama inakuambia "njoo tu, hamna shida", hiyo ni sababu ya kuuliza na leseni yake. Leteni hati ya polisi ya nchi mnayoishi inayoonyesha hamna rekodi ya jinai. Misheni isiyoidai hati hiyo, mimi nisingeiachia hata mbuzi.

Afya, hasa kwa watoto waliozaliwa huko: dawa za kinga ya malaria kabla ya safari, hadi mwisho wake na baada yake kama daktari atakavyoagiza, na chandarua kila usiku. Halafu ziwa. Linavutia, maji yametulia katikati ya mawe, na watoto wote wa jirani wamo ndani. Kichocho cha ukanda huu ni kile cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wadogo wa majini na hupenya ngozi kwa dakika chache tu, huhitaji kunywa maji. Mkiwa mmegusa maji, kapimweni wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, kwa sababu praziquantel, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa. Kuimeza mkiwa njiani kwenda uwanja wa ndege hakutoshi. Homa ikija kabla ya hapo, mwambieni daktari kuwa mlikuwa Ziwa Victoria, kwa kuwa daktari wa huko huenda kichocho kisimjie akilini.

Nimebakiza lile la maziwa mezani. Dada, nakuelewa. Lakini mtoto aliyekosa mama si kitabu cha wanao kujifunzia shukrani, naye anaelewa akitazamwa hivyo. Wakubwa wao hunielezea vizuri sana, wakiwa na miaka 15 au 16, jinsi ilivyokuwa kusimama mstari na kuwaimbia wageni.

Nilimtumia haya kabla ya kuyaweka hapa. Alikaa kimya siku mbili. Kisha: "Sawa, mimi na mume tutafanya kazi za stoo. Na watoto je, watakaa tu?"

Nikamkumbusha kuwa bibi yao, mama yangu mzazi, yupo Ngudu, hajawahi kuwaona zaidi ya kwenye simu. Ana magunia mawili ya karanga za kumenya, na hajui neno la Kiholanzi, wala wao hawajui Kisukuma. Salamu ya mwangaluka watajifunza siku ya kwanza.

Jana ameniuliza kama Ngudu kuna vyandarua vya kutosha. Nimemwambia aje na viwili.