Mbona gari la zimamoto huja bila maji?

Swali hili nimeulizwa kwenye matanga, nimeulizwa sokoni Kongowea nikinunua ndizi, na nimeulizwa kwa kupigiwa kelele huku mpira wa maji uko mikononi mwangu. Anayeona nyumba yake ikiteketea ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kukasirika pia. Nataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa jibu lake umeielewa karibu kazi yote ya wazimamoto wa Mombasa.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba gari likirudi kutoka motoni hujazwa maji kwanza, kabla mtu hajavua buti. Basi maji huenda wapi? Gari la kawaida la zimamoto hubeba lita 5,000 hivi, na kubwa zaidi lita 10,000. Mpira mmoja wa kuzimia hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: lita 5,000 kwa mpira mmoja ni dakika kumi, kwa mipira miwili ni dakika tano. Dakika tano zinatosha chumba kimoja tukikifikia mapema. Hazitoshi nyumba ya vyumba sita ambayo moto umeshapanda darini na kushika boriti. Anayefika dakika ya sita huwakuta wazimamoto wameshika mipira iliyolegea, na hapo ndipo maneno yanapoanza: "Wamekuja bila maji." Walikuja nayo. Yamekwisha.

Baada ya hapo maji lazima yatoke kwingine. Yanaweza kutoka kwa bauza, lori la kubeba maji, linalokwenda na kurudi, au kwenye haidranti, ile koki nzito ya zimamoto iliyo kando ya barabara. Mombasa haina mto wake wa kuitosheleza. Maji yetu ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho upande wa Malindi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mtaa ukiwa kwenye zamu ya kukosa maji, haidranti ya mtaa huo nayo hukauka. Na hata pale penye maji, nimewahi kutafuta koki usiku kwa tochi nikaikuta chini ya vigae vipya vya duka, na nyingine ndani ya kibanda cha mitumba. Aliyeifunika hakuwa na nia mbaya. Aliona chuma kimekaa hapo miaka na miaka hakiguswi. Ukikijua chuma kama hicho karibu na kwako, kiache wazi, na ukikiona kimevunjika tuambie.

"Na bahari je? Imetuzunguka pande zote!" Hili huulizwa na watoto wa shule, na ni swali zuri kuliko mengi ya wakubwa. Pampu ya gari huweza kufyonza maji kutoka chini, lakini kwa kina cha mita saba hivi tu, basi; zaidi ya hapo hufyonza hewa. Sehemu kubwa ya ufuo wa kisiwa ni mwamba wa matumbawe uliosimama wima, na gari zito halisogei ukingoni. Tena maji yetu hujaa na kupwa: wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti yake hupita mita tatu, kwa hiyo mahali pa kuvutia maji saa sita huenda pakawa tope saa kumi na mbili. Chumvi nayo hula pampu, na kila ikitumika lazima isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi. Bahari hutusaidia pale penye gati au mteremko mzuri. Kwa moto wa mtaa wa Majengo ni mbali mno.

Sasa njia. Kisiwa hiki kina watu wengi katika eneo dogo, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Mji wa Kale ulipangwa na watu waliotembea kwa miguu na punda. Ukitoka barabara ya Ndia Kuu ukaingia vichochoro vya Kibokoni au Kuze, gari letu haliingii, na si kosa la mtu. Tunaliacha penye upana, tunaunga mipira kipande kwa kipande, tunakimbia nayo. Kinachotuua ni mkokoteni uliofungwa mnyororo kwenye kona, pikipiki tatu zilizoegeshwa mdomoni mwa uchochoro, na geti la chuma ambalo mwenye ufunguo amekwenda Malindi. Likoni, ng'ambo ya kusini, nayo haina daraja la magari la kuiunga na kisiwa. Gari likihitajika kutoka huku lasubiri feri au lazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Dereva hodari namna gani hawezi kuyaruka hayo.

Ndiyo maana dakika za mwanzo ni zenu kabla ya kuwa zetu. Nalisema hili bila kukwepa wajibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga, na mwananchi ana haki ya kuidai. Lakini moto hausomi katiba. Godoro la sponji likishika, chumba kizima huweza kulipuka kwa joto ndani ya dakika chache, hata kitu ambacho hakijaguswa na mwali. Tena wengi hawauawi na mwali. Huuawa na moshi, mara nyingi wakiwa bado usingizini. Ukiamka na moshi umejaa, shuka sakafuni, tambaa, kwani hewa iliyobaki iko chini. Ukitoka, ufunge mlango nyuma yako. Mlango wa mbao uliofungwa hukupa dakika ambazo sisi hatuwezi kukupa. Na ukishatoka usirudi kufuata simu wala kitambulisho.

Hapa naomba tuzungumze juu ya vyuma vya madirisha. Najua kwa nini tunaviweka, wezi wapo. Lakini mwaka 1998, hapo Mazeras tu, zaidi ya wasichana ishirini walikufa katika bweni la shule ya Bombolulu, bweni lenye vyuma madirishani na mlango uliofungwa. Tangu nilipoijua habari hiyo siwezi kuingia nyumba nisitazame madirisha. Dirisha moja la kila upande wa nyumba liwe na chuma kinachofunguka kutoka ndani, na ufunguo utundikwe karibu, mahali mtoto anapofika. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwenu anaweza kuifanya kazi hiyo mchana mmoja.

Jikoni ndiko moto mwingi unakozaliwa. Tazama mji huu alfajiri: makarai ya mahamri kila kona. Tazama mwezi wa Ramadhani kabla ya magharibi: viazi karai, bajia, sambusa, kila nyumba mafuta yako motoni na mpishi ana haraka. Karai likishika moto, mkono wa kwanza hukimbilia maji. Usifanye hivyo, tafadhali. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi. Maji huzama chini ya mafuta, hupasuka kuwa mvuke mara moja, na hurusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni. Chukua sinia, lile la pilau, lifunike karai lote kwa kulisukuma kutoka upande wako kwenda mbele. Zima jiko. Kisha liache, usichungulie, mpaka lipoe kabisa.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kwenda kulikuta jiko la makaa la jirani. Ukisikia harufu yake, usiwashe taa na usiizime iliyowaka, kwa sababu swichi hutoa cheche ikiguswa upande wowote. Funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, ukiweza toa mtungi nje. Kupima mpira wa gesi kama unavuja ni povu la sabuni, kamwe si kiberiti. Moto wa stima nao hautaki maji hadi swichi kuu ikatwe.

Ukipiga simu ya dharura, 999 au 112, anza na mahali. Simu huweza kukatika wakati wowote, na jina la msikiti au shule iliyo karibu lina thamani kuliko maelezo ya jinsi moto ulivyoanza. "Nyuma ya nyumba ya Mzee Fulani" hakutufikishi. Kisha tuma kijana barabara kuu atusubiri atuongoze. Na tukifika, msitupokonye mpira. Najua ni kwa nia njema, ila maji yenye kasi hiyo humwangusha mtu mzima, na dakika ya kugombea mpira ni lita 500 zimemwagika barabarani. Tusaidieni kuubeba pale tunapowaomba, na kuzuia tuktuk zisiukanyage.

Kazi yetu haikomei motoni. Sisi huitwa penye ajali za barabarani kumkata mtu aliyenaswa ndani ya gari, penye ukuta ulioanguka na penye mafuriko ya masika. Huitwa pia visimani, na hili la visima lanitia uchungu sana, kwa kuwa vifo vyake huja viwili viwili na vitatu vitatu. Mtu anashuka kisima cha uani kufuata ndoo au kukifukua, ananyamaza. Ndugu yake anashuka kumwokoa, ananyamaza. Chini mle hewa ya kupumua huweza kuwa imekwisha, au imejaa moshi wa pampu ya petroli. Shimo la choo ni baya zaidi: gesi yake huiua pua kwanza, ukadhani harufu imetoweka. Hata awe mwanao, usishuke. Sisi hushuka na mtungi wa hewa mgongoni na kamba iliyoshikwa na wenzetu juu.

Na malori ya mafuta yanayotoka Shimanzi kuelekea Miritini na bara: likipinduka moja, kimbia. Tarehe 31 Januari 2009 kule Sachangwan zaidi ya watu 100 walikufa wakichota petroli iliyomwagika.

Wenye maduka, hoteli na karakana, mkaguzi akija msimwone kama mtoza ushuru. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka zoezi la kutoka wakati wa moto walau mara moja kwa mwaka. Mwombeni mkaguzi alisimamie, na awaonyeshe wafanyakazi mtungi wa kuzimia: vuta pini, lenga shina la moto, bana, pepesa. Mtungi huisha kwa sekunde, basi si wakati wa kuanza kusoma maandishi. Wenye mapaa ya makuti, kaskazi ikivuma kati ya Disemba na Machi, cheche moja ya mkaa husafiri paa hadi paa.

Uko uchochoro mmoja wa Mji wa Kale ambao vijana wake walituita baada ya moto mdogo, tukaupima pamoja kwa mipira yetu, kutoka gari linapofika hadi nyumba ya mwisho. Ilihitajika mipira saba. Kona waliipaka rangi ya manjano, mkokoteni haulali hapo tena. Ufunguo wa geti umetundikwa msumarini kwa mzee wa barazani, na niliporudi kuwatembelea nilimuuliza mtoto wa miaka sita uko wapi. Akaukimbilia, akaniletea.