Je, wajua kwa nini tovuti ya ukurasa mmoja huanza na maelfu ya mafaili?

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, kijana mmoja wa Soweto alinijia na kompyuta yake kwapani. Alikuwa anatengeneza tovuti ya ukurasa mmoja ya kuonyesha bei za mchele wa Kyela na parachichi za Rungwe. Aliandika npm install, amri ya kupakua vifurushi, yaani programu ndogo zilizoandikwa na watu wengine; bando likayeyuka mbele ya macho yake, na alipofungua folda ya node_modules, ambamo vifurushi hivyo huwekwa, akakuta mafaili chungu nzima asiyoyajua. "Mwalimu, mimi nimeandika mistari arobaini tu. Haya mengine ni ya nani?"

Swali lake ni la haki kabisa, na jibu linaanzia kwenye kivinjari. Ukurasa wa wavuti unajengwa kwa HTML, CSS na JavaScript. Yeye alikuwa anatumia React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, ambayo huandikwa kwa mtindo wa JSX unaochanganya JavaScript na alama zinazofanana na HTML, na JSX kivinjari hakiielewi hata kidogo. Kwa hiyo panahitajika chombo cha kuigeuza iwe JavaScript ya kawaida, kingine cha kuonyesha mabadiliko papo hapo kila unapohifadhi faili, kingine cha kukuonya ukikosea. Kazi mbili za kwanza hufanywa na Vite, iliyoanzishwa na Evan You mwaka 2020. Nayo Vite inategemea Node.js, ambayo Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009 ili JavaScript iweze kufanya kazi nje ya kivinjari.

Tazama ghorofa linalojengwa pale Mwanjelwa. Limezungukwa na mirunda kila upande, lakini hakuna mpangaji atakayekuja kulala kwenye mirunda. Jengo likiisha, inashushwa. Sehemu kubwa ya node_modules ni mirunda ya namna hiyo, ndiyo maana faili la package.json lina orodha mbili: dependencies ni matofali yanayobaki ukutani, devDependencies ni mirunda. Ukiandika npm run build, unapata folda ndogo ya dist, yenye tovuti iliyokamilika. Kwa mradi mpya wa React, JavaScript iliyomo ni kama KB 200, na seva, yaani kompyuta inayowatumia watu ukurasa, ikiibana inashuka mpaka karibu KB 60. Mkulima wa Tukuyu mwenye simu ya bei nafuu anapakua hicho tu. Mzigo wote uliobaki ulikuwa wa fundi.

Mirunda inakuwa mingi kwa sababu kila kifurushi kinaita vifurushi vingine, navyo vinaita vyake. Machi 2016 dunia iliona maana yake. Azer Koçulu aligombania jina la kifurushi chake kimoja, akaamua kuondoa kazi zake zote kwenye npm, ghala la mtandaoni ambako vifurushi hupakuliwa. Kimojawapo kilikuwa left-pad, chenye mistari 11 tu, kazi yake ni kuongeza herufi kushoto mwa neno mpaka lifikie urefu unaotakiwa. Miradi mingi ikagoma kujengwa, hata ya watu ambao hawakuwahi kusikia jina hilo. Ilibidi npm wakirudishe, kisha wakabana masharti ya kuondoa vifurushi.

Kijana wangu, kwa kuokoa bando, alikwenda kwa rafiki yake mwenye mradi kama wake, akanakili node_modules nzima kwenye flashi. Ilichukua muda mrefu mno, maana flashi hulemewa na mafaili madogo mengi kuliko faili moja kubwa. Baada ya kusubiri kote huko, mradi ukakataa kuwaka. Kompyuta ya rafiki inatumia mfumo wa Windows, yake mfumo wa Ubuntu, na esbuild, chombo kilichokuwa ndani ya Vite yao, huja na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo mmoja mahususi. Niliumia kumwona, kwa sababu kosa hilo linakatisha tamaa vijana wengi wenye akili nzuri.

Cha kubeba ni package.json na package-lock.json pamoja na mafaili yako uliyoandika. Hilo la pili huandika toleo kamili la kila kifurushi. Bila hilo, alama ya ^ kwenye "^5.0.0" inaruhusu toleo lolote jipya kabla ya 6, na mashine mbili zinaweza kupata vitu tofauti. Kisha unaandika npm ci, ambayo hufuta node_modules ya zamani na kusakinisha kama ilivyoandikwa. Na bando je? npm huhifadhi akiba ya ilichokwisha kupakua, hivyo mradi wa pili ukiongeza --prefer-offline hupakua vinavyokosekana tu. Mwenye miradi mingi nampendekezea pnpm, chombo mbadala wa npm, inayoweka nakala moja ya kifurushi kwa miradi yote.

Tulifuta ile folda ya flashi, tukaanza upya kwa npm ci. Akawasha mradi kwa npm run dev, akafungua kwenye kivinjari localhost:5173, anwani ya tovuti inayoendeshwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, na bei ya mchele wa Kyela ikatokea juu kabisa ya ukurasa.